Maji Safi kwa Daktari

Jumatatu, 6 Mei

Nimechoka hadi kope. Kibonge anaota meno, na nimeteka maji ziwani naye mgongoni. Ziwa lenyewe kina kifupi, maji kiunoni, lakini tope! Kazi yangu: chupa sita kutoka kwenye majani yaotayo majini, sita kutoka peupe. Daktari mtafiti kasema majani yale huwalisha bakteria na kuwatilia kivuli, kwa hiyo wa majanini si sawa na wa peupe. Anataka kujua wanatofautianaje. Mimi nataka ajira ya kudumu. Wa kudumu huacha watoto wao chumba cha malezi. Nafasi moja, Ijumaa anachaguliwa mtu: mimi, au Madoido, mteka maji mwenzangu. Yule na kucha zake!

Jumanne, 7 Mei

Aibu. Chupa zangu za majanini zina nyuzinyuzi, ukijani, na mdudu anayepiga mbizi. Madoido kachungulia, kaniuliza, shoga, hizo sampuli au mboga za jioni? Wakacheka wote, hadi mlinzi. Nikacheka nao, moyoni nawaka.

Nimepata akili.

Jumatano, 8 Mei

Imekubali! Nimechuja maji yote, chupa zote kumi na mbili, nisionekane napendelea. Yanang'aa! Sikuwa na kitambaa, nimetumia nepi ya Kibonge. Imefuliwa, jamani! (Alikuwa ameivaa kidogo tu asubuhi.) Madoido kabaki mdomo wazi. Daktari kauliza mbona ya majanini yametakata hivi. Nikamwambia ni mkono tu, Daktari.

Alhamisi, 9 Mei

Makubwa. Daktari kasema miaka yote majanini hupata bakteria hawa, peupe wale. Safari hii chupa zote wameota walewale, tena si wa ziwani. Wa tumbo la binadamu! Anahofu choo cha kituo kinavujia ziwani. Mafundi wanachimbua uani tangu asubuhi. Madoido anawapelekea chai, anajipendekeza.

Mimi naosha chupa. Kibonge kacheka kwa sauti. Mtoto huyu atanifungisha.

Ijumaa, 10 Mei

Mafundi wamechimba hadi kwenye maua, hawakuona kitu. Nikawaonea huruma, nikaungama. Daktari kavua miwani, kakaa nayo mkononi. Kisha kaniambia, taratibu, kwamba uchafu niliouchuja ndio aliokuwa akiutafuta, maana bakteria wake hujishikiza humo. Akasema, mwanangu, umenitupia kazi yangu yote.

Nafasi kapewa Madoido. Nimemkumbatia Kibonge nyuma ya stoo, nikalia kidogo.

Ila Daktari ana utu. Kasema Jumatatu niteke upya, nikifanya vizuri ataniombea nafasi nyingine kwa wakubwa. Maji yaje vilevile yalivyo, na nepi marufuku.

Nimeelewa kabisa. Nepi sitaigusa tena, naapa.

Safari hii nitayachemsha.