Ombi la Kunyang'anywa Gari la Kampuni

Kwa Meneja Utumishi,
Kiwanda cha Magodoro.

Kutoka kwa Mkuu wa Kitengo cha Ubora, chumba cha mwisho kushoto, baada ya stoo ya sponji.

YAH: KUNYANG'ANYWA GARI NA KUPEWA POSHO, TENA HARAKA

Ndugu Meneja,

Salamu zangu zitangulie, nami nazifuata nyuma kwa heshima zote. Natumaini u mzima na kwamba kiti chako kipya hakikuumizi tena mgongo. Mimi ni mzima kwa nje.

Umetutumia fomu wakuu wote wa vitengo ukitutaka tuchague kabla ya Ijumaa: ama tuendelee na gari la kampuni, ama tulirudishe na kupokea posho ya usafiri kila mwezi. Umeandika kwamba aliyechagua amechagua, hakuna kubadili mpaka miaka mitatu ipite. Wenzangu wanabishana kutwa kuhusu bei ya mafuta. Mimi sina ubishi. Naomba posho, na naomba gari lifuatwe nyumbani kwangu na watu wawili wenye nguvu, mchana kweupe, wakiwa wamekunja sura, ili ionekane nimeonewa. Sababu za kuomba nionewe ni hizi.

1. Lazima kwanza nikueleze habari za baba yangu mzazi, maana yanayofuata yote yanamhusu. Baba ni dereva mstaafu. Amewaendesha wakubwa wa maofisi tangu sijazaliwa mpaka macho yalipoanza kumsumbua, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukaa kiti cha nyuma hata kwa bahati mbaya. Kiti cha nyuma kilikuwa cha bosi. Hata kukifuta vumbi alikifuta akiwa amesimama nje, ameinama. Tangu tulipomzika mama anaishi kwetu, na kazi yake ilikuwa moja tu, kukaa kwenye kochi akitazama televisheni iliyozimwa. Ukiiwasha anasema izime. Viatu vyake vilikaa uvunguni mpaka buibui akahamia. Hata kaburini tulikuwa tukienda bila yeye.

Siku nilipolileta gari lenu, alisikia honi akatoka nje peku. Akalizunguka, akalipiga teke tairi moja moja, akafungua boneti, akachungulia, akaifunga. Nikafurahi, nikajua nimepata fundi wa bure. Kumbe wapi! Kesho yake asubuhi nilimkuta ameoga, amenyoa ndevu, amevaa koti na viatu vimepigwa kiwi, kasimama kando ya mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Nikamwambia, baba, mlango uko wazi. Akazidi kutazama mbele tu. Ndipo nikakumbuka alikuwa akifanya kazi gani. Nikazunguka, nikamfungulia. Akaingia, akajiweka sawa, akakunja nne, akasema, "Dereva, twende."

Ndugu Meneja, mimi nina watu saba chini yangu. Nina mhuri wangu mwenyewe. Kazi yangu katika kiwanda hiki ni kulalia magodoro kwa niaba ya wateja na kusema hili sawa, hili hapana. Mtu wa namna hiyo anaambiwa dereva, twende!

2. Tangu siku hiyo, ndani ya gari naitwa dereva, nje ya gari naitwa mwanangu. Mpaka wetu ni mlango. Akiwa na mguu mmoja ndani na mwingine nje huwa hasemi kitu, nadhani anaogopa kukosea. Dereva haruhusiwi kupiga mluzi. Dereva haruhusiwi kufungua redio bila kuambiwa. Dereva hazungumzi asipozungumzishwa. Nikikata kona vibaya, anakohoa. Kabla ya kuondoka lazima injini iachwe ingurume mpaka ipate moto, na majirani wote waamke. Nilijaribu kumweleza kwamba injini za siku hizi hazihitaji hayo. Akaniambia amenikata siku mbili za mshahara, mshahara ambao hajawahi kunilipa.

Kubwa zaidi ni hiki kiti kilicho pembeni yake, kile cha nyuma kulia. Hakiwekwi kitu. Si mkoba wangu, si mwavuli, si wanangu. Mjukuu wake alijaribu kupanda pale akaambiwa apite mbele. Begi lenye sampuli za sponji za kampuni linasafiri kwenye buti kama gunia la mkaa. Nikasema moyoni, haya basi, cheo kimemlevya mzee, anataka upana wa bosi.

3. Mafuta ya kampuni yanakwenda wapi? Niulize mimi. Jumamosi baba hutaka kupelekwa kwenye mahoteli. Si kula. Ni mahoteli ambayo zamani alikuwa akiwapeleka wakubwa kwenye mikutano, yeye akiwasubiri garini kutwa nzima, jua lote lake. Sasa nikimfungulia mlango anashuka, anapita mlango mkubwa wa mbele, anaagiza chai moja, anainywa polepole, anatoka. Mimi nabaki garini. Mara ya kwanza niliteremka nimfuate, akaninong'oneza kwa upole kabisa kwamba huko ndani si mahali pangu. Nilirudi garini nikiwa nimeumia, nakwambia kweli. Nikakaa nikitazama kile kioo cha mlango wa hoteli, joto limenibana, nikajiuliza huyu mzee aliishije hivi miaka yote bila kugombana na mtu. Lakini hilo si la utumishi, tuliache.

4. Sasa nifike pale panapokuhusu wewe binafsi, na naomba usinichukie. Unakumbuka siku ile tulipokuwa tukimsubiri mjumbe wa bodi? Asubuhi hiyo nilikuwa nampeleka baba kliniki ya macho, foleni ikatuchelewesha, nikaona nipitie kazini kwanza nitie sahihi. Mlinzi wa geti, ambaye mimi kila siku hunipekua mpaka chini ya kapeti kana kwamba ninaweza kuficha godoro hapo, aliona mzee mwenye mvi na koti kiti cha nyuma. Akapiga saluti. Geti likafunguka pande zote mbili. Nami kabla sijazima injini, wewe, Ndugu Meneja, ulitoka mbio ofisini, ukamfungulia mlango kwa mikono yako miwili, ukasema karibu sana mheshimiwa, tumekusubiri kwa hamu.

Huyo hakuwa mjumbe wa bodi. Alikuwa baba yangu.

Sikulaumu hata kidogo. Mimi nilifungua kinywa nieleze, lakini wewe ulinionyesha kwa kidole nikaegeshe kule nyuma, wala hukunitambua, ingawa tumekaa pamoja kwenye vikao miaka sita. Kiti cha mbele kina mambo! Nikaenda kwenye banda la madereva, nikakalia ndoo iliyopinduliwa kama wengine, bati limetoboka juu ya kichwa changu. Banda hilohilo mimi nimeliandikia kumbukumbu tatu, kwamba linavuja na halina kiti hata kimoja, na sikujibiwa.

Huko ndani, nilivyohadithiwa na mama wa chai, baba alizungushwa kiwanda kizima. Kila alipoelezwa jambo alitikisa kichwa na kusema neno moja, "Endeleeni." Ndilo neno alilolisikia kwa wakubwa miaka yote, na nasikia lilitosha kabisa. Mwishoni ukamuuliza kama ana swali. Akauliza madereva wanakaa wapi. Ukamleta bandani, na wakuu wote nyuma yako. Akatazama bati. Akatazama ndoo. Akanitazama mimi, mwanawe wa kumzaa, jasho linanitiririka. Akasema, "Huyu apewe kiti."

Kiti kililetwa. Tena cha ngozi, kutoka ofisini kwangu.

Na bati likabadilishwa wiki hiyohiyo. Na wakati baba akizungushwa kiwandani, mjumbe wa bodi mwenyewe, aliyekuja kwa pikipiki kwa sababu gari lake liliharibika njiani, alikuwa kwenye benchi la getini akiambiwa na mlinzi aache utani.

5. Hii ni fupi. Jiko letu lina kuta nne na halina paa. Mama watoto anapikia kwenye korido, moshi unatutoa machozi hata siku zisizo na msiba. Posho ya miezi michache ingeezeka jiko lile. Tangu fomu yako ije, mke wangu hana neno jingine kinywani: posho, posho, posho. Baba hatukumuuliza. Kwa hiyo kura ni mbili, na hakuna iliyopinga.

6. Mwisho niiweke kisheria, maana najua unapenda kanuni. Kitabu chetu cha kanuni kinasema dereva ni mtu anayeendesha gari la kampuni kwa amri ya aliyekaa nyuma. Mimi naendesha kwa amri ya aliyekaa nyuma. Basi mimi ni dereva. Dereva hapewi fomu ya kuchagua gari au posho, kwa hiyo fomu niliyopokea si yangu, ni ya mkubwa aliyekaa nyuma, yaani baba. Baba hakuajiriwa na kampuni, kwa hiyo hana haki ya gari. Gari halina mwenyewe. Lichukueni!

Zaidi ya hapo, kama mimi ni dereva, basi cheo cha Mkuu wa Ubora kiko wazi tangu gari lije, na magodoro yote yaliyouzwa tangu hapo yamelaliwa na mtu asiye na mamlaka ya kuyalalia. Itabidi yarudishwe kiwandani. Wateja waamshwe, waombwe radhi, washuke chini. Sipendi tufike huko, lakini kanuni ni kanuni.

Kama baada ya haya yote bado mtaona ugumu kunipa posho, basi naomba haki zangu za udereva: chakula cha mchana, malipo ya Jumamosi zote za mahotelini, sare mbili kwa mwaka, na kofia.

Nimeandika kwa uchungu, lakini bila matusi. Nisalimie mlinzi wa geti, mwambie sina kinyongo. Nisalimie mama wa chai na madereva wote wa bandani, na kama mjumbe wa bodi bado anaongea na kiwanda hiki, naye msalimie sana.

Ni mimi, niliyelala kwa ajili ya kampuni hii bila kulalamika mpaka leo,

Mkuu wa Kitengo cha Ubora
(huenda ni dereva)

Tanbihi: Barua hii kabla ya kuileta nilimpa mama watoto aipitie kama kuna makosa. Aliisoma huku anapiga pasi shati la baba. Nikangoja anisifu kwa ile namba 5. Akasema nimeandika vizuri, ila hao watu wawili wenye nguvu wakija, nani atakayemwambia baba? Nikasema nilidhani wangemwambia wao. Akaninyooshea lile shati, akasema, "Posho itaezeka jiko, sawa. Baba itamtoa kwenye kochi?" Jamani, huyuhuyu aliyeniimbia posho wiki nzima!

Nikatoka na shati. Baba akavaa, nikamfungulia mlango, akaingia. Nikakaa kwenye usukani nikawasha injini nikasubiri ipate moto. Hakusema twende. Akasema amesikia kutoka koridoni kwamba gari linarudi ofisini, na kwamba nisione haya, gari la ofisi hurudi ofisini, yeye amerudisha funguo maisha yake yote. Kisha akiwa na miguu yote miwili ndani, mlango umefungwa, Ndugu Meneja, akaniita mwanangu. Akasema, "Mwanangu, kabla hawajalichukua, nipeleke kwa mama yako. Nilimwahidi nikistaafu tutakaa nyuma wote wawili, mtu atuendeshe."

Nilimtazama kwenye kioo. Kashika ile nafasi ya kulia kwa mkono, kama mtu anayezuia isikaliwe.

Tulikwenda. Ni mara yake ya kwanza tangu mazishi. Niliendesha taratibu, kona zote nilikata vizuri, na njia nzima hakukohoa. Mimi sikuona vizuri barabara, lakini tulifika.

Kwa hiyo hoja zangu zote sita naomba uzichane. Fomu yangu nimeiambatanisha, nimeweka alama kwenye gari, miaka mitatu, na kama kuna nafasi ya kuandika sita, niandikie sita. Jiko litasubiri, mama watoto anasema korido imeshazoea.

Ila lile ombi la kofia libaki palepale. Baba anasema naanza kufaa. Kichwa changu ni kikubwa, mtafute saizi ya mwisho.