Namba Moja: Sina Buti

Jumatatu, 3 Machi

Chati yangu mpya ya nyimbo kumi bora imebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Namba moja, kwa mara nyingine: "Sina Buti"! Mwimbaji simjui. Wimbo hunijia kupitia ukutani, kwa jirani yetu fundi cherehani, na cherehani yake hutafuna maneno yote isipokuwa kiitikio. Sina buti, sina buti mimi! Huzuni tupu. Alikuwa akienda wapi? Nani alimchukulia mabuti yake?

Mwalimu wa muziki katangaza kwamba Ijumaa, wakati wa mapumziko, chati ya mwanafunzi mmoja itasomwa na kupigwa kwenye spika za shule. Mmoja tu! Kasuku, ninayekaa naye dawati moja, kanyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza kusema. Yake ananakili redioni. Yangu ina kanuni: wimbo hupanda nikijikuta nauimba huku naosha vyombo. Hushuka kaka akiuimba.

Jumanne, 4 Machi

Nimeunda jopo la majaji ili chati iwe na heshima. Jopo ni bibi. Kaupigia kura mlio wa taarifa ya habari, eti ndio muziki pekee usiomfokea. Namba kumi.

Kaka, ambaye wimbo wake umetupwa nje, kalipiza kisasi. Kaimba wimbo wangu kutoka bafuni hadi sebuleni, mdomo umejaa dawa ya meno! Kwa kanuni, lazima ushuke. Nimehangaika mchana kutwa. Uamuzi: wimbo wenye povu hauhesabiki. Kaka anasema mimi ni tume ya uchaguzi ya mtu mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa fundi cherehani. Shikamoo kwanza. Kaniazima flashi yenye wimbo, ingawa nyumbani hatuna pa kuichomeka. Nikamwuliza yule mtu wa buti alipatwa na nini. Cherehani ilikuwa inanguruma. Akapaza sauti kwamba mambo ya buti nimpelekee fundi viatu, mwanangu, mtaa wa pili.

Nikaenda! Fundi viatu kanisikiliza hadi mwisho, kisha kauliza jamaa huyo anavaa saizi gani. Swali zuri sana. Sikuwa nimelifikiria.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempa mwalimu chati na ile flashi, pamoja na maelezo ya ukurasa mzima: msafiri maskini, njia ya mawe, miguu peku. Kasema wimbo huo haujui, lakini hajawahi kuletewa chati yenye huruma kiasi hiki. Nimeshinda! Kasuku kanuna, eti nimependelewa. Kwa furaha, chakula cha jioni sikukimaliza. Kaka kanimalizia.

Ijumaa, 7 Machi

Mlio wa habari ulipopigwa, mlinzi kaliacha geti akasubiri habari. Nikaendelea hadi namba mbili bila kukwama. Kisha nikaeleza habari za miguu peku. Wimbo ukaanza, safari hii bila cherehani.

Sina budi. Sina budi mimi, kukuacha.

Wa kwanza alikuwa Kasuku: "Jamani, mpeni hata ndala!" Kiatu kikarushwa jukwaani. Kikafuata cha pili, wala si jozi. Mwalimu kajificha nyuma ya spika, mabega yanamtikisika.

Jumamosi, 8 Machi

Sasa naitwa Buti. Hata na bibi, ambaye hakuwepo.

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa ni la mwimbaji. Wa buti alikuwa na kisa. Huyu wa budi anaachana na mtu tu, kama wenzake wote. Nimemshusha hadi namba tisa, juu kidogo ya habari.

Na asubuhi hii, ukutani, cherehani ikinguruma, imepenya namba moja mpya: "Usiku wa Mananasi". Mananasi, usiku! Nani aliyachuma gizani? Kwa nini analia? Jumatatu nitamwomba mwalimu nafasi nyingine. Ila sitakurupuka tena. Naanza kwa uchunguzi kamili: nakwenda kumwuliza muuza matunda.