Sharubu za Mawese

Jumatatu, 28 Aprili
Janga. Prof Apollinaire wa biolojia amegawa panya weupe, tuone jinsi chakula kinavyojaza ini mafuta. Kakule amepewa panya wa vinono: mawese, mandazi, sukari. Mimi panya wa maharage na mboga ya lengalenga. Témoin, amesema Prof. Wa kulinganisha tu. Yaani panya wasiopatwa na kitu, kwa mvulana asiyepatwa na kitu.

Mwenye panya wa ini bovu ndiye atakayelieleza mjini Beni, kwenye mashindano ya shule, pamoja na Séphora atakayechora michoro. Mwaka mzima nimemwambia neno moja: pardon. Nilikuwa nimemkanyaga. Donc, kwa hiyo, Beni lazima niende.

Kakule kanicheka mbele ya wote: "Mathe, bile bipanya byako bitakufa na njaa mbele ya kugonjwa." Séphora naye akacheka, lakini kidogo.

Jumatano, 30 Aprili
Mpango. Kila mtu anafuga panya wake kwao. Nani atajua? Mama akienda sokoni, ninamwaga mawese juu ya maharage, na mandazi juu ya mawese. Panya wanakula kama wakubwa kwenye harusi.

Mama ameuliza mawese yake yanaenda wapi. Nimesema sijui. Amesema basi nyumba hii ina panya. Sikuweza kumpinga.

Jumamosi, 17 Mei
Nimekutana na Kakule mtaani Rughenda. Mashavu yanang'aa. Nimeuliza habari za panya wake. Wako vizuri, amesema, akajifuta sukari mdomoni. Sikufikiri zaidi. Wangu hawatembei tena. Wanalala tu, kama mheshimiwa baada ya karamu.

Alhamisi, 5 Juni
Kesho tunapasua. Janga la pili: sharubu zao zimekuwa rangi ya chungwa. Miguu pia. Mawese hayatoki, kila mama wa Butembo anajua. Nimewaosha kwa sabuni ya kufulia. Wananukia vizuri. Rangi iko palepale. Mmoja ameniuma.

Ijumaa, 6 Juni
Prof amewalaza kwa dawa, akapasua. Maini ya panya wa Kakule: mekundu, mazuri. Ya wangu: ya njano, yamevimba, yanateleza kwenye kisu.

Prof kainama, kaangalia tena. Kisha katangaza uvumbuzi: maharage yanaharibu ini, mawese yanalilinda. Préfet, mkuu wa shule, kaitwa. Kafurahi kuliko wote. Kasema daktari wake aliyemkataza mafuta ni mwongo, akaagiza mbuzi wa kukaangwa papo hapo. Jina langu likaandikwa ubaoni, karibu na la Séphora. Nikatabasamu.

Ndipo Séphora akainua mmoja wa panya wangu kwa mkia. "Prof, ni maharage gani inapaka panya midomo ya mawese?" Akamgeukia Kakule. "Na weye, mbona ni weye ndiye umenona?"

Kakule kakiri kwanza. Mandazi, sukari, vyote alikula yeye. Panya wake walipewa majani. Mimi niliangalia viatu vyangu mpaka Prof akaelewa.

Prof kakuna kichwa. Halafu kabadilisha vibandiko vya vizimba. Basi, jaribio zima likawa safi: waliokula mafuta wameharibika ini, waliokula majani wako salama. Kafuta jina langu, kaacha la Séphora. Préfet alikuwa amekwisha kumaliza mbuzi.

Jumamosi, 14 Juni
Séphora amerudi kutoka Beni na zawadi ya kwanza. Kakule na mimi tulibaki kuosha vizimba. Kakule analalamika upande wa kuume, penye ini, unamuuma. Prof anamwangalia sana, mpaka inatia hofu.

Séphora amesimama mlangoni, akasema: "Aksanti kwa ba panya, Mathe." Ameniita kwa jina. Nimejibu: pardon.

Septemba Prof atarudia jaribio, safari hii kwa cobaye, yaani simbilisi. Nimejitolea kufuga wa maharage. Prof amenisifu, eti nimekomaa. Nimepita sokoni pia. Kuna mafuta ya alizeti. Hayana rangi hata kidogo.