Kasuku Aliyenipigia Saluti

Jumapili, tarehe 2 Machi

Siku ya kukumbukwa. Dada yangu mkubwa, muuguzi, amehamishiwa hospitali ya mbali, na nyumba aliyopewa huko hairuhusu mnyama wala ndege. Kwa hiyo kasuku wake, wa aina iitwayo kichwa-mwewe, anatafuta mwenyewe. Nikasema mwenyewe ndiye mimi. Dada akasema tutaona. Ananiachia wiki moja ya majaribio. Jumamosi saa kumi alasiri atakuja kukagua. Akimkuta ndege ametulia na hakuna mtu anayetoka damu, ni wangu. Akikuta kinyume chake, ndege anakwenda kwa Mfamasia, jirani wa mlango wa pili, ambaye naye amemwomba. Mfamasia! Mtu anayepanga viatu vyake kwa kufuata rangi.

Ndege mwenyewe hana mfano. Mgongo wa kijani, uso wa kahawia wenye michirizi myeupe, macho ya manjano yanayokutazama kama unadaiwa jibu. Lakini ajabu iko kisogoni. Manyoya ya hapo ni rangi ya damu ya mzee, kila moja lina pindo la buluu, na akitaka huyasimamisha yote yakamzunguka kichwa. Nina miaka ishirini na miwili kwenye cherehani na sijawahi kukata kola ya namna ile.

Sasa lililo muhimu. Alimtazama dada, manyoya yamelala. Alimtazama mke wangu, manyoya yamelala. Nilipoinama mimi kumjulia hali, aliyasimamisha yote, akanyooka, akaanza kuyumba huku na huku. Saluti! Dada alinionya nisimkaribie akifanya vile. Nadhani anaogopa ndege atanizoea upesi na kumsahau yeye. Namwelewa, malezi yana uchungu wake.

Dada alikuwa akimwita Shungi. Kuanzia leo ni Jemedari.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Chumba cha mbele ndicho duka langu, nyuma tunaishi mimi, mke wangu na mama mkwe. Tundu nimeliweka dukani, dirishani, mahali pa kuonekana. Kabla ya adhuhuri watu kumi na mmoja walikuwa wamesimama mlangoni kutazama. Miaka yote hii watu huingia hapa, hujitazama kwenye kioo, hugeuka wakajitazama nyuma, wakaenda zao. Hakuna aliyewahi kuangalia kona ninayokaa mimi. Leo wameiangalia. Nilisimama pembeni ya tundu kama baba wa bwana harusi, na naandika kwa sababu ni kweli: machozi yalinilenga.

Michezo yake si ya ndege wa kawaida. Nilimpa kibiringo cha uzi kilichokwisha. Akalala chali kabisa, akakirusha kwa miguu, akakidaka, akakingurumia kama mtoto wa mbwa. Kisha akaning'inia kichwa chini kwa mguu mmoja. Kisha raha ikamzidi, ikageuka hasira, akakipiga kibiringo kwenye vyuma mpaka kikapasuka. Napenda kiumbe anayefanya jambo kwa moyo wote.

Hasara ndogo. Koti la hakimu, mteja wangu, lilikuwa limetundikwa karibu mno. Jemedari alitoa vifungo saba. Hakuving'oa, alivinyonga kimoja kimoja kwa subira ya fundi, akavidondosha kwenye chai yangu. Nilimweleza hakimu kwamba makoti ya siku hizi hayana vifungo. Alisema la kwake litakuwa navyo kufikia Alhamisi.

Jioni alikuja Mfamasia na kitabu kwapani. Akasema kwa ile sauti yake ya kusoma maelezo ya dawa kwamba kasuku wa aina hii ana damu moto: akisimamisha shungi, na mboni zikawa zinapanuka na kusinyaa, mtu arudishe mkono, kwa maana amepandwa na anaweza kuuma. Nilimshukuru. Wivu ni kidonda, na yeye ana kitabu kizima.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kidole gumba cha kushoto. Mpaka mfupani, au karibu na hapo.

Ilikuwa hivi. Jemedari anacheza, ananguruma, shungi juu, mboni zinapanuka na kusinyaa. Nikaona sasa ndiyo saa ya kumpa mkono. Akaupokea.

Mke wangu alinipeleka kwa Mfamasia nikiwa nimefungwa kitambaa cha bitana. Mfamasia alinisafisha, akauliza taratibu kama shungi lilikuwa juu au chini. Nilisema sikuangalia. Akafunga bendeji nadhifu sana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema kidonda kama hiki Jumamosi bado kitaonekana. Akatabasamu! Mke wangu anadai hakutabasamu.

Nimekaa nikafikiri na sababu nimeipata. Siku tatu Jemedari ananipigia saluti na siku tatu mimi namtazama tu kama mzigo. Askari gani angevumilia? Hajaniuma kwa ukali, ameniuma kwa kuvunjiwa heshima. Saluti hujibiwa kwa saluti. Tatizo ni kwamba mimi sina shungi.

Lakini cherehani ninayo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kazi ya mikono yangu bora kuliko zote. Satini ya rangi ya damu ya mzee ilibaki kwenye majoho ya kwaya. Utepe wa buluu ninao. Nimekata manyoya kumi na manane, marefu kama mkono, kila moja lina kitambaa kigumu ndani na waya wa kulisimamisha. Yote nimeyashona kwenye kola. Kamba inapita mgongoni mpaka kiunoni: ukivuta, shungi linasimama, ukiachia, linalala. Nilijitazama kwenye kioo muda mrefu. Hata yale masikio yangu makubwa, leo yalionekana yana kazi.

Koti la hakimu halijaguswa.

Mama mkwe amekaa dirishani anachambua maharage. Alishasema toka Jumapili kwamba amelea watoto saba na zamu yake imekwisha, ndege asimhusu. Hata hivyo asubuhi alitoboa boksi la viatu matundu mawili akalitia ndani ya tundu, ati asituharibie nguo za watu. Jemedari aliingia humo akashinda anararua karatasi, mdomo tu ndio uko nje. Mchana mama akaona ndege ana joto, akachukua chupa yangu ya kunyunyizia maji wakati wa kupiga pasi, akamnyunyizia. Ndege alifungua mabawa, akaning'inia kichwa chini, akapiga kelele za furaha mpaka mtaa wa pili. Shungi likapanda. Mama akarudisha mkono, akaendelea na maharage yake, hata hakumtazama. Baada ya muda shungi likashuka lenyewe, naye akanyunyiza tena.

Nilimwambia, kwa adabu zote anazostahili mama mkwe, kwamba kumpa kisogo Jemedari akiwa kwenye saluti si heshima. Akajibu kwamba, mwanangu, akipandisha mwache ashushe. Mama hajui mambo ya kijeshi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo nimevaa kola mbele yake kwa mara ya kwanza. Nimevuta kamba. Shungi langu likasimama, fap!

Aliganda. Kisha akasimamisha lake lote, mpaka unyoya wa mwisho. Akayumba kushoto, nikayumba kushoto. Akayumba kulia, nikayumba kulia. Akatoa sauti ya hewa kutoka kooni, kama pampu ya baiskeli, na mimi nikaitoa. Akapiga mdomo kwenye vyuma, kwa nguvu, mara nyingi. Kunipigia makofi! Tuliendelea hivyo karibu robo saa. Sijawahi kueleweka namna ile na mtu yeyote.

Katikati ya mazoezi mke wangu aliingia na hakimu, aliyekuja kuchukua koti. Hakimu alinitazama, akamtazama ndege, akasema atapita wiki ijayo. Mke wangu aliuliza kama kidole kimeanza kuleta homa. Nikamweleza mpango wote: Jumamosi dada atatukuta tunasalimiana shungi kwa shungi, tundu likiwa wazi. Akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamjibu kwamba mimi ni fundi wa nguo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mlango wa Mfamasia ulikuwa wazi nikachungulia. Ametoboa gogo, ametundika kamba, vipande vya ngozi, kengele, ngazi. Uwanja mzima wa michezo. Maskini. Anadhani ndege anahitaji vitu vya kuchezea. Ndege anahitaji mwenzake.

Nina wasiwasi mmoja. Leo mama mkwe alifungua tundu na Jemedari akamfuata. Mchana kutwa amelala chali juu ya mapaja ya mama, anachezea kibiringo kwa miguu, manyoya yamelala kabisa, macho nusu yamefumbwa. Ulegevu gani ule? Hana nidhamu, hana umbo. Kwangu halali hivyo hata dakika moja. Namwonea huruma mama, ni wazi ndege anamdharau. Sikumwambia. Mkwe ni mkwe.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika nikiwa nimelala upande wa kulia, maana wa kushoto haulaliki.

Saa kumi kamili dada aliingia. Mfamasia nyuma yake na ngazi yake ya kasuku mkononi, tayari kubeba ndege. Mke wangu mlangoni. Mama mkwe dirishani na sinia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Nilisubiri wakae. Nikatoka.

Nilivuta kamba. Dada akasema jina langu la utotoni, lile ambalo hulisema nikipanda mahali pasipopandika. Nikamwomba asubiri aone. Nikafungua mlango wa tundu kwa mkono wangu wenye bendeji. Jemedari alitoka, akapanda juu ya tundu, akasimamisha shungi. Nikayumba. Akayumba. Nilimtazama Mfamasia nimwone anavyoumia, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilimpa Jemedari upande wa sikio.

Alikuja kama jiwe. Manyoya yangu matano yaling'oka mara moja. Nikataka kulaza shungi, kamba ikakwama kwenye mkanda, na kadiri nilivyovuta ndivyo lilivyozidi kusimama, na kadiri lilivyosimama ndivyo alivyozidi kupandwa. Satini ikaruka, waya ukaruka. Kisha sikio la kushoto. Niliingia chini ya meza ya kukatia na ndege yumo ndani ya kola. Mfamasia alikuwa anapaza sauti kwamba asiguswe mtu, asiguswe mtu. Dada alikuwa anahesabu matone ya damu sakafuni. Nilimsikia akisema haya, basi, Mfamasia, lete ngazi. Moyo uliniuma kuliko sikio. Nikaona mlango wangu bila mtu hata mmoja, na kona yangu imerudi kuwa kona.

Mama mkwe hakuinuka. Alichukua kibiringo kwenye sinia ya maharage, akakigonga mara mbili kwenye ukingo, akamwita ndege: mjukuu wangu, njoo. Kelele zilikatika. Jemedari alitoka chini ya meza na unyoya wangu mmoja mdomoni, akatembea sakafuni, akapanda sketi ya mama kwa mdomo na kucha. Mama hakumgusa. Akangoja shungi lishuke. Liliposhuka akampa kibiringo, na yule ndege akalala chali mapajani mwake mbele ya watu wote, akaanza kukirusha.

Mfamasia aliweka ngazi chini. Akasema ameyasoma hayo lakini hajawahi kuyaona, na kwamba kumwondoa ndege hapo itakuwa dhambi. Dada akamwuliza mama kama atakubali kuwa naye. Mama akasema hana muda wa ndege. Kisha akasema boksi libadilishwe kila wiki, hilo limeshaisha. Dada alilia kidogo, akacheka, akachukua chaki yangu na kuandika juu ya boksi: WA MAMA. Mimi nikaamriwa kwa sauti moja nisivae shungi tena.

Mfamasia alinishona sikio, nyuzi tatu. Amenyoosha, siwezi kusema uongo.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Asubuhi nimeamka mshindi.

Tuanze na hesabu. Ndege alikuwa abaki kwangu au aende kwa Mfamasia. Hakwenda kwa Mfamasia. Maandishi ya chaki hayanisumbui, kazi yangu ni chaki na najua inavyofutika. Boksi ni la mama, mama yumo nyumbani mwangu, tundu limo dukani mwangu. Mfamasia mwenyewe ameleta ule uwanja wake wote wa michezo, kengele na vyote, akaniomba nimruhusu kupita jioni kutazama. Nimemruhusu. Mshindi hana kinyongo.

Leo, Jumapili, watu kumi na wanne mlangoni. Wanane walimtazama ndege. Sita walitazama bendeji yangu wakaniuliza, na nikawaeleza kwa kirefu.

Kuhusu jana, kosa nimeliona, na ni la kifundi tu. Nilihesabu vibaya. Nimelala kifudifudi mbele ya tundu nusu saa na kuhesabu upya: manyoya ya shungi lake ni zaidi ya thelathini. Mimi nilikwenda na kumi na manane! Alinionaje? Koplo. Nimeahidi kutovaa lile shungi na sitalivaa, limebaki uzi na waya. La manyoya arobaini ni shungi jingine. Satini nimeshaagiza.

Kabla ya kufunga duka nilikwenda kumuaga. Alikuwa amelala mapajani mwa mama, bapa, hana hata unyoya uliosimama. Aliponiona aliruka wima, akafungua shungi lote, mboni zikapanuka na kusinyaa, akaanza kuyumba. Mama mkwe akasema, mwanangu, rudi nyuma. Wote waliosimama hapo wameona: kwa wengine analala, kwangu anasimama. Akatoa ile sauti ya kooni, taratibu, kama mwenye siri ya kunieleza mimi peke yangu.

Nikainama, nikamsogezea sikio lililo zima.