Malalamiko Kuhusu Kumwajiri Mama Yangu, Aliyekuja Kunishikia Koti

Kwa Meneja,
Ghala la Kufungasha Nyanya,
Mlango wa kijani, nyuma ya mizani ya malori.

Ndugu Meneja,

YAH: KUAJIRIWA KWA MTU ASIYEOMBA KAZI

Pole na majukumu. Mimi ni Mwombaji Namba Kumi na Nne, maana ndivyo mlivyonibandika kifuani siku ya usaili, na tangu hapo hamjaniita kwa lolote jingine. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo na naitumia kwa uangalifu.

Mimi ni msomi wa kilimo biashara. Nimekisomea miaka minne. Usaili wenu niliuandalia wiki tatu nzima: nikakariri safari ya nyanya kutoka mbegu hadi mezani, nikajihoji mwenyewe mbele ya kioo nikajisifu, nikaazima tai kwa mwalimu jirani yetu. Mama alinisindikiza kwa sababu moja tu, kunishikia koti lisichafuke. Jioni mkampa kazi yeye. Naomba nikuoneshe jinsi jambo hili lilivyokaa vibaya.

1. Mtihani wenu haukuwa wa haki. Kila mwombaji mlimpa kreti tatu za nyanya zilizochanganyika, mkamwambia atenge za kusafiri siku nne, za kuuzwa kesho, na za kwenda kwenye sosi. Nikauliza projekta iko wapi. Mkasema hakuna. Sasa mtu aliyekuja na slaidi arobaini na mbili afanyeje? Hata hivyo sikukata tamaa. Nilikaa nikaandika mkakati wa kutenga nyanya, kurasa saba, wenye malengo ya muda mfupi na ya muda mrefu. Nilipofika kwenye sehemu ya changamoto, muda ukaisha. Naomba ikumbukwe kwamba katika waombaji wote, mimi peke yangu sikuponda nyanya hata moja.

2. Wakati huo mama alikuwa kwenye benchi la wageni, koti langu mapajani. Mbele yake palikuwa na kreti zenu zilizorundikwa ovyo, zilizoiva chini, mbichi juu. Mama ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona nyanya zimepangwa vibaya akatulia. Akaweka koti sakafuni (nitalirudia suala la koti) akaanza kuzipanga. Hata kuziangalia alikuwa haziangalii. Alikuwa akimshauri mlinzi wenu kuhusu maumivu ya mgongo, mikono inakwenda yenyewe. Alipomaliza kreti ya tisa ndipo ulipotoka ofisini, ukasimama, ukamuuliza amesomea wapi. Akakujibu, "Kibandani kwangu, mwanangu. Sogea kidogo, unazikanyaga nzuri." Meneja, jibu hilo halimo katika kitabu chochote cha kujiandaa na usaili. Nimekagua.

3. Hana wasifu. Hana barua ya maombi. Elimu yake ni kibanda cha nyanya alichokifungua mwaka ule nilioingia chuo. Wadhamini wake ni wawili: mlinzi aliyemfahamu kwa nusu saa, na mimi, ambaye sikuulizwa.

4. Nyumbani mambo yamepinduka. Mama anaondoka asubuhi na buti zake za mpira, ananiachia maagizo: fagia, anika, usisahau maharage jikoni. Jana yaliungua kwa sababu nilikuwa nimezama kwenye makala ya kupunguza upotevu wa chakula. Akirudi anakaa kwenye kiti changu, ananyoosha miguu, anasimulia jinsi malori mawili yalivyoondoka bila lalamiko hata moja, kisha anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu baba afariki. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu mtu anashindwa hata kukasirika kwa raha zake.

5. Mtaani nimeshuka bei. Fundi cherehani aliyekuwa akiniita Profesa sasa ananiita Mtoto wa Bosi. Majirani wanawaleta wahitimu wao kwa mama awashauri namna ya kupata ajira kwenye kilimo. Wiki iliyopita walikuja sita, mmoja ni mwenzangu wa darasa moja. Mimi niliwapangia viti.

6. Na hili ndilo kubwa. Leo ni mama mmoja. Kesho kina mama wa vibanda vyote watagundua kwamba hicho wanachokijua ni taaluma, nanyi mtawaajiri. Wahitimu tutabaki majumbani na maharage. Maharage yataungua. Watu watalala njaa. Kisha ataitwa nani kuandika ripoti ya njaa hiyo? Ni sisi. Na ripoti zetu, kama ulivyoona, huishia kwenye changamoto.

Kwa hiyo naomba utekeleze moja kati ya haya: mama aachishwe kazi kwa heshima na afanyiwe sherehe; au mimi niteuliwe kuwa mkuu wake, ili kazi afanye yeye na uzoefu niupate mimi; au, mkishindwa yote, mnifulie koti, maana alama ya kiatu chako ingali mgongoni.

Nisalimie mlinzi pamoja na mgongo wake. Nisalimie madereva, wapakiaji, na yule dada wa mapokezi aliyenibandika namba. Kwa mama usijisumbue, nitamsalimia mwenyewe akirudi.

Wako mtiifu, kwa sasa,

Mwombaji Namba 14
(Shahada ya Kilimo Biashara, Daraja la Kwanza)

N.B. Barua hii nilimpa mama akuletee, kwa kuwa njia ni yake. Nilisahau kuifunga. Ameisoma yote akinywa chai, akairudisha mezani, akasema, "Hii ya sosi." Kisha akaniambia nifumbe macho, akanitia nyanya mkononi moja baada ya nyingine, nitaje ipi itafika safari ya siku nne. Katika kumi nimepata tatu. Akasema si haba, yeye alianza na mbili. Nikamuuliza alijifunza kwa muda gani. Akasema miaka minne, ile ile niliyokuwa chuoni, maana kreti ingeoza, ada ingekosekana, nami ningerudishwa nyumbani. Kumbe tulikuwa tunasoma pamoja, na aliyefaulu ni mmoja.

Tafadhali futa namba moja hadi sita. Anasema anahitaji mtu wa kumbebea kreti. Nitakuja naye Jumatatu, bila tai, na koti atabaki nalo mwalimu, maana nalo lilikuwa lake.