Kifaa cha Kunusa Hewa ya Binti Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu, rubani, karudi kutoka kazini kichwa kinamgonga tena. Anarusha kindege cha injini moja, cha kupeleka dawa na vifurushi. Nikamwambia ni njaa. Akasema si njaa, baba, ni hita, kile kipasha joto cha ndani ya ndege. Fundi wa ndege anahisi moshi wa ekzosi unapenya humo, na moshi huo una kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Inakulaza taratibu. Huko juu, peke yake. Nikarudisha tonge sahanini.

Kinatakiwa kifaa cha kuigundua. Fundi kajitolea kukichagua. Fundi huyu, tunamwita Mrefu, anamtaka binti yangu. Kila mtu anajua, ila yeye anadhani ni siri. Leo achague kifaa, kesho atachagua jina la mjukuu wangu. Thubutu. Nitachagua mimi. Ndege nazijua: nimepanda mara mbili, moja dirishani.

Jumanne, 4 Juni

Dukani. Muuzaji ana aina tatu. Kadi yenye doa linalogeuka jeusi: ya mabahili. Kidude kama kiberiti, kinatetema na kuwakawaka: cha watoto. Na kikubwa cheupe chenye king'ora. Nikabonyeza kujaribu, mteja mmoja akaangusha balbu. Hicho hicho. Muuzaji akasema hicho ni cha chumba cha kulala. Nikamwambia ndege ni chumba chenye haraka. Akakifunga kwenye mfuko. Elimu ilimzidi.

Nyumbani nikakijaribu tena. Jirani akatoka mbio, mtoto mgongoni, godoro kichwani. Mke wangu akauliza nimenunua kifaa au nimeoa tena, maana kelele hizo si za humu ndani.

Jumatano, 5 Juni

Uwanjani, binti kanikumbatia mbele ya Mrefu. Ushindi. Mrefu akauliza, kwa adabu ya uongo: mzee, rubani kavaa hedifoni, injini inanguruma, hicho king'ora atakisikia nani? Nikamjibu mwanangu ana masikio ya ukoo wetu. Akabandika kadi yake kwenye dashibodi. Nilijua tu, bahili.

Binti akasema tujaribu hapo hapo chini, bila kupaa. Tukaingia ndegeni wawili, injini inanguruma, hita wazi, hedifoni zenye maiki masikioni. Kifaa nimekipakata, nimekifunika kwa viganja kisidondoke. Nikamsimulia nilivyomfundisha baiskeli, nakimbia nyuma nimeshika kiti, naye analia baba usiachie. Akacheka. Kichwa kikaanza kuniuma. Nikajua ni mapenzi ya mzazi.

Mara akazima injini, akasukuma milango yote. Doa la kadi lilikuwa jeusi. Tukavua hedifoni, na katika kimya kile tukakisikia kifaa changu mapajani. Kinalia. Kumbe kililia muda wote, na taa yake nyekundu nimeiziba mwenyewe kwa mikono miwili.

Hatukucheka. Tulikaa kwenye majani pembeni, tukivuta hewa. Nilimshika mkono. Akasema baba, unaniumiza. Sikuachia.

Alhamisi, 6 Juni

Mrefu kapata ufa kwenye bomba la ekzosi, mwembamba kama unywele. Anabadilisha bomba zima. Alikuja nyumbani kutuambia mwenyewe, mikono bado ina grisi. Nilikuwa nimemwandalia kejeli nzuri sana. Zikagoma kutoka. Nikammiminia chai, nikamwongezea sukari bila kuulizwa. Mke wangu akanigusa paji la uso kama nina homa.

Binti kachagua mwenyewe: kile kidude cha kutetema. Anakifunga mkononi, taa iko machoni pake. Kadi kaikataa, akiwa anatazama mbele, doa litatazamwa na nani? Changu nacho kakikataa, kakipachika chumbani kwetu, eti mimi na mama yake tulale salama. Mimi na Mrefu tukatazamana kama watu waliofiwa na mbuzi mmoja.

Ijumaa, 7 Juni

Ameruka. Nilisimama uwanjani hadi kindege kikawa kama inzi. Alipotua kapiga simu: kidude kimya njia nzima, kichwa kizima. Nikajifuta macho. Uwanja ule una vumbi sana.

Mrefu kanisogelea, kasema kilichobaki ni kizimamoto kipya, kile cha zamani kimepitwa na muda. Kesho ataenda kuchagua.

Kesho? Nimetoka uwanjani moja kwa moja hadi dukani. Kipo kimoja kizuri, chekundu, kina magurudumu. Muuzaji anasema ni cha kituo cha mafuta. Nimemwambia anifungie.