Taarifa ya Hatari Kumhusu Mume Wangu, Mkaguzi wa Njia ya Kurukia

Kwa Ndugu Meneja wa Usalama wa Uwanja wa Ndege,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kamba za viatu vyako zimefungwa na hakuna kitu kilicholegea mezani kwako. Siku hizi sijui tena kumsalimia mtu kwa namna nyingine, na ukisoma mpaka chini utaelewa sababu.

Mimi ni mke wa mkaguzi wako wa njia ya kurukia, yule mrefu aliyepinda mgongo kidogo, ambaye wenzake wanamwita Bwana Kokoto. Kazi yangu ni ushonaji. Cherehani yangu iko sebuleni, karibu na dirisha. Huu ni mwaka wa ishirini na saba tangu tuoane, na wa kumi na tisa tangu nyinyi mumvike kizibao cha kung'aa, mumpe redio ya mkononi, na kumwambia atembee juu ya lami akiangalia chini. Hajaangalia juu tangu siku hiyo.

Kwenye lango lenu mmebandika tangazo kwamba mtu yeyote akiona hatari ana haki ya kuiripoti, na kwamba anayeripoti halaumiwi. Nimelisoma mara mbili, nikiwa nimempelekea chakula alichosahau nyumbani. Halikusema hatari iwe ya aina gani. Basi mimi naripoti mume wangu. Naomba, kwa heshima zote, mumtoe kwenye njia ya kurukia kabla ya Ijumaa hii na kumhamishia ofisi yoyote yenye kiti. Ofisi ya mizigo iliyopotea itamfaa sana, maana huko vitu huokotwa na watu wakashukuru.

Utauliza, kwa nini Ijumaa? Binti yetu wa pekee anarudi Ijumaa kwa ndege ya saa nne asubuhi, baada ya miaka sita, akiwa na mtoto wa miaka mitatu ambaye hatujamwona ila kwenye simu. Nataka baba yake asimame nami pale mlango wa wanaowasili, mikono mitupu, kama baba za watu wengine. Sina ombi kubwa zaidi ya hilo. Malalamiko yangu nimeyapanga kama ifuatavyo, kwa namba, kwa kuwa nimeambiwa ofisi yenu haisomi kisicho na namba.

1. Kuhusu pini na vifungo. Ushonaji unadondosha vitu, hilo halina mjadala. Mume wangu vyote anaviita "kitu kigeni". Neno hilo mlimfundisha nyinyi: kwamba chochote kilicho juu ya lami na si lami ni kitu kigeni, kiwe msumari, kiwe kizibo cha soda, na kinaweza kumezwa na injini. Sebule yetu haina injini, Ndugu Meneja, ina cherehani ya kukanyaga. Lakini kila asubuhi kabla ya kwenda kazini anaipita kutoka ukuta hadi ukuta, hatua kwa hatua, kisha anarudi kwa mstari mwingine, ameinama. Wateja wangu wakimkuta hivyo wanadhani amepoteza pete. Mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alipiga magoti akamsaidia kutafuta karibu nusu saa ndipo akauliza wanatafuta nini. Mume wangu akamjibu, "Bado hatujui, mwalimu. Tukikiona ndipo tutajua." Mwalimu hajarudi, na gauni lake ninalo hadi leo.

Hapo sijagusa chupa. Tuna chupa kubwa ya kioo, zamani ilikuwa ya jamu, imewekwa kabatini kando ya picha yetu ya harusi. Ndani yake mume wangu huweka vile vitu vigeni vya uwanjani ambavyo nyinyi mmekwisha kuvipiga picha, kuviandika na kuvisahau. Kila kimoja amekifunga kikaratasi cha maelezo, kwa uzi wangu, bila kuniuliza. Sijawahi kuvisoma. Kazi yangu ni kupangusa vumbi.

2. Kuhusu kaka yangu. Alikuja kututembelea kwa siku tatu akakaa wiki tano. Sikatai kwamba alizidisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sisi hatulimi, kwa hiyo jambo likabaki hewani. Lakini hapakuwa na haja ya kumwandika kwenye daftari la ukaguzi. Nanukuu: "Kitu kigeni, kikubwa, kwenye kochi. Hakisogei. Mwenye nyumba ameshaarifiwa." Daftari lilikuwa wazi mezani na kaka yangu anajua kusoma. Nilipomuuliza mume wangu kama shemeji yake ni kitu, akasema kwa upole, "Mama watoto, mimi naandika hali ilivyo. Hapa halaumiwi mtu." Huniita mama watoto ingawa mtoto ni mmoja, sijui huyo mwingine amemwona katika ukaguzi gani.

3. Kuhusu kuku. Nilikuwa na kuku saba. Lugha yetu imewapa jina moja ndege wa manyoya na ndege ya chuma, na sisi wengine hatujawahi kuwachanganya. Mume wangu alinikalisha chini akanieleza kwamba mtama wa kuku unawaita njiwa, njiwa wanamwita mwewe, na mwewe akishashiba anakwenda kuota jua kwenye njia ya kurukia. Kutoka kwetu hadi uwanjani ni kilomita nane. Kuku wakahamishiwa kwa dada yake, kilomita kumi na tano, alizipima. Kila Jumapili anampigia simu kumuuliza kama ndege wametulia. Wifi yangu ni mtu wa mizaha. Mara ya mwisho alijibu, "Ndege wametulia kabisa, kaka. Wamebaki wanne."

4. Kuhusu ufa. Kwenye karakana yenu kuna maandishi ya rangi nyekundu: USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA. Mume wangu ndiye aliyeyaandika, na najua anayaamini. Kwenye lami yenu ufa ukifikia upana wa kidole, siku hiyo hiyo unafagiliwa, unajazwa na kupigwa kiraka. Sasa, ukutani kwetu chumbani, juu ya kitanda, kuna ufa wenye umri wa miaka minne. Huo hauzibwi. Huo unapimwa. Kila mwisho wa mwezi anapanda kitandani na penseli, anaweka alama ulipofikia, anaandika tarehe. Nimeomba uzibwe, nikajibiwa kwamba "uko chini ya uangalizi". Alama zimefika arobaini na saba na ukuta wangu unafanana na rula. Kinyozi hajinyoi, najua, lakini huyu wangu anazipima nywele zake kila mwezi na kuziwekea kumbukumbu.

5. Kuhusu jiko. Mwaka jana mlimpeleka semina. Alirudi na jedwali lenye rangi tatu, akaniambia kila hatari ina namba: unachukua uwezekano wake, kuanzia moja hadi tano, unazidisha na madhara yake, kuanzia moja hadi tano. Kukaanga mayai kwangu kulipata kumi na sita. Nyekundu. Nimekaanga mayai tangu nikiwa na miaka tisa. Jioni ile ile aliingiza ndoo ya mchanga jikoni na kuchora mstari wa njano sakafuni, kati ya jiko na mlango wa sebule. Mwenye chombo cha moto akifika kwenye mstari anatakiwa asimame, aseme, "Naomba kuvuka," angoje mpaka aambiwe, "Vuka." Siku moja nilisimama na sufuria ya mchuzi, nikaomba kuvuka, kumbe mwenye kujibu yuko bafuni. Nilisubiri. Ukishakaa na mtu miaka ishirini na saba unajikuta unasubiri. Mchuzi ukaganda.

Hivyo, Ndugu Meneja, angalia mwenyewe tulikofikia. Nyumba yetu ina njia inayokaguliwa kila asubuhi, ina mstari wa kusubiri, ina daftari la hatari, ina udhibiti wa ndege na uangalizi wa nyufa. Kilichopungua ni abiria. Kama ofisi yako itashindwa kumhamisha mume wangu, basi naomba nyumba hii iandikishwe rasmi kuwa sehemu ya uwanja. Mtuletee ule mfuko wa kuonyesha upepo, tuutundike kwenye kamba ya nguo. Gari la zimamoto liwe linaegeshwa mlangoni kila ninapokaanga. Uongozaji nitaufanya mwenyewe, kutokea kwenye cherehani, na wa kwanza kunyimwa ruhusa ya kutua atakuwa yeye.

6. Hili la mwisho naliandika bila utani. Siku binti yetu alipoondoka, miaka sita iliyopita, baba yake alikuwa zamu. Alituahidi kwamba ataomba dakika tano aje amuage. Tulimngoja mlangoni, binti akitazama kila kizibao kinachopita, mpaka akaambiwa aingie sasa hivi au abaki. Akaniambia, "Mama, mwambie baba nimemngoja," akaingia. Nilipanda ghorofani kwenye kile kioo cha wasindikizaji. Ndege ilikuwa imesimama mwanzoni mwa njia, haiendi. Na mbali kule mwisho wa lami nikamwona mume wangu, mdogo, wa njano, amepiga goti, anachokonoa kitu chini. Mtoto wake yumo ndani ya ndege, yeye anachokonoa lami. Nusu saa nzima ndege ilisimama, na katika nusu saa hiyo angeweza kuagana naye mara sita.

Nyumbani nilimuuliza. Akasema, "Kazi ilikuwepo." Basi. Hatukuzungumza siku nne. Wakati ule mstari wa njano ulikuwa haujachorwa, vinginevyo tungepata la kusemeshana. Niliumia, Ndugu Meneja, na bado naumia, na nikisikia mtu anamsifu kwamba hajawahi kukosa zamu, mimi naikumbuka ile aliyotakiwa kuikosa. Ijumaa sitaki nisimame peke yangu tena. Sitaki yule mtoto aulizie babu, aonyeshwe kizibao.

Kwa sababu hizo sita narudia ombi langu: ahamishwe kabla ya Ijumaa. Kama kuna fomu ya kujaza, mkabidhi yeye aniletee. Ataifikisha bila mkunjo hata mmoja.

Nisalimie walioko mnarani, nisalimie zimamoto wote na yule dereva wa gari la kufagia lami. Msalimie kijana wa kufukuza ndege, wa manyoya. Katibu muhtasi wako mwambie sketi yake iko tayari na nimeikagua, haina pini.

Wako anayeripoti bila kulaumiwa,

Mke wa Bwana Kokoto,
Fundi cherehani

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, imebidi niichane. Niliona ni vema niambatanishe ile chupa ya jamu iwe ushahidi, nikaimwaga mezani ili nihesabu vilivyomo. Ni vitu mia mbili na kumi na vinne. Kwa mara ya kwanza nilisoma vikaratasi. Vingi havina neno: skrubu, kokoto, kipande cha mpira, tarehe, basi. Kimoja kimefungwa kwa uzi wa bluu. Uzi huo naujua, nilishonea gauni alilosafiri nalo binti yetu, na kijiti cha uzi huo kilipotea wiki ile ile nikamgombeza paka wa jirani. Ni bolti, nene kama kidole gumba changu. Kwenye kikaratasi kuna tarehe ya safari yake, halafu mwandiko wa mume wangu, ule ule wa kwenye daftari: "Mwisho wa njia, katikati. Imejikita kwenye ufa. Ndege imesubirishwa mpaka itoke. Binti yumo."

Miaka sita nimekuwa nikiipangusa vumbi.

Nimekaa chini jikoni muda mrefu, upande wa moto wa ule mstari, bila kuomba ruhusa.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, namba moja hadi sita naomba uzifute, isipokuwa ya nne, maana ule ufa wa chumbani bado nautaka uzibwe. Mume wangu asihamishwe. Tena nakusihi, Ijumaa asubuhi usiweke mkaguzi mwingine. Kama ana mapumziko, mnyime. Aitembee njia yote kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, na ndege ya saa nne ikibidi izunguke huko juu mpaka aridhike, iache izunguke. Mlangoni nitasimama mimi. Mjukuu akiuliza babu yuko wapi, nitampandisha ghorofani kwenye kile kioo, nimwambie ni yule pale wa njano, aliyeinama.